Aliyekipaka Kibao

Mahakama ya mji ule ilikuwa na chumba kimoja cha kusikilizia kesi, feni moja darini, na mkalimani mmoja wa lugha ya milimani. Feni ilizunguka ilipojisikia. Mkalimani hakuwa na uhuru huo. Awe na mafua, awe ameamka kichwa kinamgonga, kesi ikiitwa alisimama kando ya kizimba na kuyabeba maneno ya watu kutoka upande mmoja hadi wa pili bila kuyamwaga njiani.

Kazi hiyo aliipata ilipopitishwa sheria mpya. Nchi yao ilikuwa ya mataifa kadhaa chini ya bendera moja: watu wa milimani, wa bondeni, wa ziwani na wengineo, kila mmoja na lugha ya kwao, na juu ya zote ikakaa lugha ya taifa, ya shule, ya ofisi na ya redio. Miaka mingi mtu wa milimani akifikishwa mahakamani alijitetea kwa lugha ya taifa, akababaika, akaulizwa tena, mwisho akasema "ndiyo" ilimradi yaishe arudi kwake. Sheria mpya ikasema kila raia atasikilizwa kwa lugha ya kwao. Akatafutwa mtu wa milimani aliyekwenda shule na asiyeona haya kusema lugha hiyo mbele za watu, akapatikana yeye.

Ajabu ni kwamba nyumbani kwao lugha hiyo ilipigwa marufuku. Baba yake, Mungu amrehemu, alikuwa karani wa posta, na alitaka wanawe wasikike kama watu wa redioni. "Sebuleni lugha ya shule," alisema, "ile ya mama yangu ikae na mama yangu jikoni." Basi yeye, kifungua mimba, akawa mtoto wa jikoni. Alishinda na bibi yake wakichambua mboga, huku akisikiliza, hadi lugha ikamkaa. Mdogo wake, kitinda mimba, alizaliwa bibi ameshazikwa. Huyo alilelewa na redio.

Sasa kesi yenyewe. Idara ya barabara iliking'oa kibao cha zamani pale mtu anapoingia mjini, kibao cha majina mawili, la lugha ya taifa juu na la lugha ya milimani chini. Mahali pake ikasimika kibao kipya cha buluu, kikubwa, kinachong'aa, chenye jina moja tu, la lugha ya taifa. Watu walinung'unika sokoni, wakanung'unika kwa kinyozi, wakaacha. Halafu asubuhi moja kibao kikaonekana kimepakwa rangi: jina la milimani limeandikwa juu ya ile buluu kwa rangi nyeupe, kwa herufi za kutambaa mwisho hadi mwisho. Polisi wa doria walimkuta mzee mmoja chini ya nguzo, kopo la rangi miguuni, brashi mkononi, hana haraka yoyote.

Mzee huyo hakuwa mgeni kwa mtu. Jina lake la mtaani lilikuwa Mzee Greda, kwa kuwa alikuwa ameendesha greda la idara hiyo hiyo ya barabara mpaka alipostaafu.

Siku ya kesi mabenchi yalijaa. Watu wa milimani walikuja na kofia zao, na wanawake wakaacha biashara zao kwa majirani. Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo, mtu wa ziwani, aliyehamishiwa pale mwaka uliopita. Mpole, mwenye mazoea ya kupangusa miwani yake kila anapotaka watu wanyamaze. Akapangusa miwani. Wakanyamaza.

Karani akasoma shitaka: kuharibu mali ya umma. Mkalimani akalitafsiri. Mzee Greda alisikiliza kichwa kikiwa upande, kama mtu asiyejua hata salamu ya lugha ya taifa, ilhali alifokeana na mainjinia kwa lugha hiyo miaka nenda miaka rudi. Mkalimani alipomaliza, mzee akasema kwa lugha ya milimani, "Yule kasema kuharibu. Wewe umesema kuchafua. Rudia."

Mabenchi yakacheka. Mkalimani akaona masikio yanawaka moto, akarudia.

"Anasemaje?" hakimu akauliza.

"Amesahihisha tafsiri yangu, mheshimiwa."

"Na alikuwa sahihi?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

Hakimu akaashiria waendelee.

Mwendesha mashtaka, kijana mwenye tai iliyoishia juu ya kitovu, akatoa picha ya kibao kama kielelezo. Picha ikapita kwa hakimu, ikapita kwa mshtakiwa, ikafika mikononi mwa mkalimani ili asome kilichoandikwa. Hapo ndipo alipoona jambo la kwanza. Jina la mji kwa lugha ya milimani maana yake ni pahali pa kupumzika. Lakini mwandishi alikuwa amesahau herufi moja katikati, na bila herufi hiyo jina lilisomeka pahali pa kukoroma.

"Soma kama lilivyoandikwa," hakimu akasema.

Akasoma kama lilivyoandikwa. Kicheko kilichopasuka humo ndani kilifika hadi kwenye ofisi ya masjala. Mzee Greda peke yake hakucheka. Alifumba macho kama mtu aliyekanyagwa kidole. Mkalimani akajiuliza: mzee huyu aliyezaliwa na jina hili mdomoni, atalikoseaje? Kosa lile halikuwa la mtu wa milimani aliyezeeka. Lilikuwa la mtu aliyejifunza lugha ukubwani.

"Mshtakiwa ajibu," hakimu akasema kicheko kilipoisha. "Alikipaka rangi kibao hicho, au hakukipaka?"

Mkalimani akauliza. Mzee Greda akajinyoosha, akajibu kwa neno moja, taratibu, kwa sauti ya kufika kila benchi. Nilipaka.

Chumba kikawa kimya. Si kimya cha kuogopa miwani ya hakimu. Kilikuwa kimya cha watu waliosikia kitu.

Lazima ielezwe hapa jinsi lugha ile inavyokwenda. Mtu wa milimani akisema "nimevunja", neno lake linaweza kuishia kwa njia mbili. Likiisha mdomo wazi, amevunja yeye, kwa mkono wake. Likiisha mdomo umefungwa, kwa mvumo mdogo wa puani, amevunja mtu mwingine, mwanawe au mgeni wake, naye anajitwika. Mkalimani alijifunza hilo akiwa mdogo, siku alipovunja chungu cha jirani. Bibi yake alikwenda kwa jirani akasema "nimevunja", mdomo umefungwa, na jirani hakumtazama bibi hata kidogo. Alimtazama yeye, kinara wa uharibifu, aliyejificha nyuma ya gauni. Lugha ya taifa haina jambo hilo. Huko, nimevunja ni nimevunja.

Na Mzee Greda alikuwa amefunga mdomo.

"Anasemaje?" hakimu akauliza.

"Anasema, nilipaka," mkalimani akajibu.

Hakimu akainama akaandika. Mwendesha mashtaka akaanza kufunga faili lake. Nyuma, kwenye mabenchi, watu walimkazia macho mkalimani. Kila mmoja alikuwa amesikia ule mvumo, na kila mmoja alijua kwamba mkalimani naye ameusikia. Mwanamke mmoja wa mstari wa mbele alitikisa kichwa polepole. Mkalimani hakujua kama alikuwa anamwambia sema au anamwambia nyamaza.

Alikuwa amekula kiapo. Siku ya kuajiriwa aliinua mkono akaapa kutafsiri yote, bila kupunguza wala kutia chumvi. Neno "nilipaka" halikuwa uongo. Angeweza kukaa, mzee akapewa adhabu yake, kila mtu akaenda kula. Lakini alihisi kana kwamba amekabidhiwa kikapu naye amekifikisha nusu, nusu nyingine kaiacha njiani.

"Mheshimiwa," akasema, na sauti yake mwenyewe ikamshtua, "tafsiri yangu haijakamilika."

"Wewe binti, kaa chini!" Mzee Greda akafoka, kwa lugha ya taifa safi kabisa, lafudhi ya redio.

Chumba kikalipuka. Hata karani alificha uso kwenye majalada. Hakimu alivua miwani, asiipanguse, akaishika tu.

"Kumbe lugha ya taifa unaijua, mzee wangu."

"Naijua, mheshimiwa. Lakini hapa siitaki. Sheria imenipa haki."

"Imekupa. Haijakupa haki ya kumkalisha mkalimani wangu." Akamgeukia. "Kamilisha."

Mkalimani akaeleza mambo ya mdomo wazi na mdomo uliofungwa. Alijitahidi kueleza kama mtu anayesoma kamusi, bila kumtazama mzee. Mwendesha mashtaka akasimama kupinga: mtu amekiri, sasa anakanushiwa na sarufi! Hakimu akawaza, akasema kwao ziwani nako kuna maneno ambayo huyafikishi mjini yakiwa mazima, hivyo hashangai. Ila hawezi kumtia mtu hatiani kwa neno lenye mashaka, wala kumwachia kwa maelezo ya kusimamia mguu mmoja. Kesi itaendelea wiki ijayo. Mkalimani alete maelezo yake yakiwa kamili, na kama upande wowote una mtu mwingine anayeijua lugha hiyo, amlete.

Kwenye ukumbi wa nje Mzee Greda alimsubiri kando ya ndoo ya maji ya kunywa. Alikuwa amekasirika hadi mashavu yanacheza.

"Nani alikutuma?" akamwuliza, sasa kwa lugha ya milimani.

"Kiapo changu, mzee."

"Kiapo! Nilisema lile neno kwa ajili ya watu wetu, wajue mimi si mtu wa kuandika pahali pa kukoroma. Nisingeweza kulala na aibu ile. Hakimu nilimwachia lake, watu wetu nikawapa lao. Wewe ukachanganya."

"Mzee, ulitaka nikufunge kwa kosa la mtu mwingine?"

"Mimi nimestaafu. Nani atanifukuza kazi?" Akamsogelea. "Unataka kumjua mwenye kosa? Nenda nyumbani kwenu ukamtazame mdogo wako kucha."

Akaondoka, fimbo yake ikigonga sakafu. Mkalimani alibaki na kikombe cha maji mkononi, hakunywa.

Mdogo wake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, katika mwaka wa majaribio, bado hajathibitishwa kazini. Aliishi na mama yao katika nyumba ile ile ya baba, yenye redio ile ile juu ya kabati. Mkalimani alipofika jioni hiyo mama alikuwa anakunja nguo, na mdogo wake anasahihisha madaftari mezani. Hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja akamshika mkono, akaugeuza. Pembeni mwa kucha ya kidole gumba kulikuwa na mstari mweupe, mwembamba, ambao mafuta ya taa hayakuufikia.

"Herufi ya tatu," mkalimani akasema. "Umeiacha herufi ya tatu."

Mdogo wake akauvuta mkono. "Najua. Mzee Greda aliniambia. Kitu cha kwanza alichosema, kabla hata ya kuniuliza nafanya nini pale. 'Umetuandika tunakoroma.'"

Basi akaeleza. Tangu alipoanza kufundisha alikuwa anakwenda kwa Mzee Greda kila Jumamosi mchana kujifunza lugha. Darasani watoto wa milimani walinong'onezana yeye asielewe, na siku moja mtoto akalia, akamwambia kinachomuuma kwa lugha hiyo, naye mwalimu, mwenye damu hiyo hiyo, akabaki kumtolea macho. Aliona aibu kuliko siku yoyote maishani mwake. Kibao kipya kiliposimikwa, kitu kikamchoma moyoni. Alikipaka alfajiri, peke yake. Mzee Greda alipita akienda msikitini au akitoka, hakumbuki. Akaona herufi, akasimama kumgombeza kwa tahajia, na hapo taa za gari la polisi zikatokea kwenye kona. Mzee akampokonya brashi. "Akaniambia, 'Kimbia, mwalimu.' Nikakimbia, dada. Sikugeuka."

Mama alikuwa amesimama na shuka mkononi. "Ulijua?" mkalimani akamwuliza.

"Nilijua. Rangi ni yangu. Nilinunua ya kupakia dirisha."

"Mama!"

"Usiniite mama kwa sauti ya mahakamani." Akaiweka shuka chini. "Sikiliza, mwanangu. Habari za mahakamani zimeshafika hapa. Wiki ijayo nenda kaseme ulikosea. Sema huo mvumo ni wa heshima tu, wazee huongea hivyo. Kukosea si dhambi. Greda atatozwa faini, tutachanga, yataisha. Huyu akifukuzwa kazi, nani atamwajiri tena?"

"Na mimi nikisema uongo mahakamani, mama, kesho mtu wa milimani akisimama pale, nani ataamini ninachosema?"

"Utachagua watu usiowajua, umwache mdogo wako?"

Mkalimani akavuta kiti. Alikaa. Akasema atakachofanya, akakisema polepole kama anakisikia kwa mara ya kwanza: ataeleza lile neno lilivyo, kwamba mzee hakushika brashi. Nani aliyeshika, hajamwona kwa macho yake, na hilo hataulizwa yeye, kwa sababu mkalimani si shahidi. Kisha ataomba kuondolewa katika kesi hii.

"Kwa hiyo unaniacha niamue," mdogo wake akasema.

"Brashi ilikuwa yako."

Mama alichukua shuka akaingia chumbani. Hakuaga, wala hakumwuliza kama amekula, jambo ambalo halijawahi kutokea katika nyumba ile.

Wiki hiyo ilikuwa ndefu. Habari zilikuwa zimesambaa, kila mtaa na namna yake. Muuza mboga wa milimani alimhudumia bila neno, akimpa nyanya zilizolegea. Fundi viatu, mtu wa milimani vilevile, alimpa mkono akamwambia safi sana, sasa watatuheshimu. Kinyozi wa bondeni aliuliza kwa utani kama lugha yao ina njia ya tatu ya kumaliza neno, ya kusingizia jirani. Usiku hakuupata usingizi kirahisi. Ofisini alipitia maelezo yake, akayafupisha, akayarefusha, akayaacha.

Siku ya kesi mabenchi hayakutosha, watu wengine wakasimama madirishani. Mama yao alikuja, akakaa nyuma, mkoba magotini. Mdogo mtu hakuonekana. Mkalimani akasema moyoni, ameamua. Hakujua kama ameshukuru au ameumia.

Akaeleza aliyokusudia kuyaeleza. Mwendesha mashtaka akamleta mtu wake, mchungaji mstaafu wa milimani, ambaye alisikiliza, akakohoa, akasema ni kweli tupu: mdomo ukifungwa, kosa si la msemaji. Kisha akamgeukia Mzee Greda na kumwambia kwa lugha yao kwamba jambo alilofanya ni la kiume lakini la kipumbavu. Hakimu akaomba tafsiri. Mkalimani akaitoa yote, pamoja na la kipumbavu.

"Basi," hakimu akasema, "kama si mzee huyu, upande wa mashtaka una nani?"

Ndipo pakatokea msukumano mlangoni. Mdogo wake aliingia akihema, vumbi la chaki bado liko kwenye sketi yake. Alikuwa ametoka darasani, ameliacha darasa kwa mwenzake. Alipita katikati ya mabenchi moja kwa moja hadi mbele.

"Wewe ni nani?" hakimu akauliza.

Mwalimu akajibu kwa lugha ya milimani.

Alijibu vibaya. Lafudhi ilikuwa ya redio, maneno yakigongana kama masufuria kwenye gunia. Mzee Greda, kizimbani, akashika paji la uso. Mtu mmoja dirishani akacheka, akapigwa kumbo na wenzake.

"Mheshimiwa," mkalimani akasema, "huyu ni mdogo wangu wa tumbo moja. Siwezi kumtafsiria. Naomba niondolewe."

Hakimu akapangusa miwani yake kwa muda mrefu. Akamwambia mwalimu azungumze lugha ya taifa, ambayo bila shaka anaifundisha. Mwalimu akatikisa kichwa. Akasema, kwa lugha ya taifa mara moja hiyo tu, "Mheshimiwa, sheria inasema kila raia asikilizwe kwa lugha ya kwao. Naivunjavunja, najua. Lakini ni ya kwetu."

Mchungaji aliombwa atafsiri; akasema masikio yake hayashiki maneno ya haraka, hasa yanayosemwa namna ile. Mzee Greda akainua mkono kujitolea. Hakimu akamwambia aushushe. Mwishowe mwendesha mashtaka mwenyewe, aliyekuwa anataka tu kupata mshtakiwa, akasema hana pingamizi mkalimani akiendelea, mradi mchungaji asikilize na apige meza akisikia kombo. Ikawa hivyo.

"Muulize," hakimu akasema, "nani alikipaka kibao?"

Mkalimani akamgeukia mdogo wake. Hawakuwahi kuzungumza lugha ile wao kwa wao, hata neno moja, katika maisha yao yote. Akamwuliza. Aliona mdomo wa mdogo wake ukitafuta. Na neno likatoka, herufi zote mahali pake, na mdomo ukabaki wazi.

Mabenchi yalishusha pumzi. Mchungaji hakupiga meza.

"Anasema, nilipaka," mkalimani akasema. Halafu, kwa kuwa kiapo ni kiapo: "Kwa mkono wangu mwenyewe."

Alimaliza sentensi hiyo amesimama wima. Machozi yalikuja baadaye, chooni, maji ya bomba yakiwa wazi ili karani asisikie.

Mzee Greda aliachiwa, pamoja na maneno makali kuhusu kuipotezea mahakama muda. Alijibu kwa lugha ya milimani, na mkalimani alimshukuru Mungu kwamba ilikuwa "ahsante" tu. Mwalimu, kwa kuwa alijileta mwenyewe na hakuwahi kufikishwa mahakamani kabla, alihukumiwa kukisafisha kibao kwa gharama zake na kukirudisha kama kilivyokuwa. Alikisafisha Jumamosi, na ngazi ilishikiliwa na mzee mmoja aliyekuwa na maoni juu ya kila mpanguso. Kibao kilirudi buluu, jina moja. Watu waliandika ombi la majina mawili wakalipeleka idara ya barabara, na huko liliko halijarudi.

Kazini mwalimu hakufukuzwa. Walimhamisha. Mwaka wa majaribio ukaanzishwa upya, safari hii katika shule ya ziwani, mwendo wa siku nzima, ambako hakuna hata mtu mmoja anayesema lugha ya milimani. Mkalimani alihisi kwamba ofisi ya elimu ilifanya hivyo makusudi. Mdogo wake alipanga nguo zake kwenye sanduku na kusema sasa itabidi aanze kuvunja lugha nyingine.

Mama alikaa bila kusema na mkalimani hadi siku ya safari. Si kwamba alimnunia. Alimpakulia chakula, alimsogezea kiti, lakini neno hakumpa. Kwenye kituo cha basi, sanduku limeshapandishwa na mdogo mtu ameshakaa dirishani, mama alisimama kando ya binti yake mkubwa akilitazama basi. Kisha akasema kitu kwa lugha ya milimani. Mkalimani alidhani anasema na mtu mwingine, akageuka kutazama. Hapakuwa na mtu.

"Nimekuuliza," mama akarudia kwa lugha ile ile, lugha ambayo hakuwa ameisema na mwanawe tangu mume wake alipoifungia jikoni, "umekula?"

"Bado, mama," mkalimani akajibu, kwa lugha hiyo.

"Basi twende." Akampungia mkono yule wa dirishani mara mbili, tatu, basi likaondoka, wakavuka barabara. Njiani mama aliendelea kuongea, juu ya dirisha ambalo bado halijapakwa rangi na juu ya Mzee Greda, ambaye siku hizi anakuja mahakamani kila kesi ya milimani inapoitwa, anakaa benchi la mbele na kukohoa mkalimani akikosea. Alimwambia avumilie. Mkalimani alisema anavumilia, ila mzee akohoe anapokosea tu, si anapopatia pia. Mama akacheka.